Tupogoe Kahawa Wakati Gani?

Katika milima ya Kivu, baba wa familia husimama mbele ya miti yake ya kahawa iliyozeeka, msumeno mkononi, akisita. Miti hiyo yazaa haba, lakini ndiyo inayolipa masomo ya watoto. Je, aikate? Na aikate lini?

Kwanza tufahamu tabia ya mti wenyewe. Tawi la kahawa halichanui tena pale lilipokwisha kuzaa. Maua hutoka penye vifundo vilivyokua msimu uliotangulia. Kwa hiyo tawi zee hula chakula cha mti pasipo kurudisha kitu. Tena matawi yaliyosongamana huzuia jua na hewa, na katika kivuli hicho hustawi mdudu aitwaye antestia. Ndiye aharibuye punje, naye huhusika na ile ladha ya kiazi kibichi inayowachukiza wanunuzi.

Kwetu mavuno makubwa huanza mwezi wa Machi, hata Juni. Mvua hurudi Septemba, na maua hufuata. Basi, wakati wa kupogoa ni katikati: mavuno yakiisha, kabla mvua haijashika. Akataye wakati wa maua hujipunguzia mavuno yake mwenyewe. Akataye mvua inaponyesha sana huufungulia ugonjwa mlango, kwa maana jeraha lenye maji huoza upesi. Machipukizi yasiyotakiwa tu ndiyo yaondolewayo wakati wo wote, yangali laini.

Mti uliochoka kabisa ukatwe kwa msumeno mkali, sentimeta 30 hadi 40 juu ya udongo, kwa mshazari, ili maji yateremke. Yakiota machipukizi, chagua 2 au 3 yenye nguvu, ung'oe mengine. Lakini angalia: kisiki hicho hakitazaa vema kabla ya mwaka wa pili au wa tatu. Kwa hiyo usikate shamba zima mara moja! Ligawe mafungu 4, ukate fungu 1 kila mwaka. Yale mengine yatalipa shule.

Bwana wetu alipojifananisha na mzabibu, wasikilizaji wake waliijua kazi ya kisu: mkulima hakati kwa hasira, bali kwa kutumaini matunda. Enyi wazazi, mavuno ya mwaka huu yakiisha, ingieni shambani pamoja na watoto wenu, muwaonyeshe kazi hiyo. Aogopaye kukata leo atawarithisha kuni tu.