Kutaifisha, Kubinafsisha na Kukodisha
Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, neno kutaifisha lilienea upesi. Kinyume chake ni kubinafsisha, yaani kuhamishia umilikaji kwa watu binafsi. Hapa ndipo wafasiri wengi, nasi tumo, hukosea. Mwaka 2003 kampuni ilipokabidhiwa huduma ya maji Dar es Salaam, ilisemwa kuwa maji yamebinafsishwa. Kumbe mabomba na mitambo vilibaki mali ya DAWASA, na kampuni ilikodishiwa uendeshaji tu. Kosa hili si dogo: mwananchi asomaye tangazo hudhani bomba limeuzwa. Serikali ilipovunja mkataba mwaka 2005 haikutaifisha mabomba wala mitambo, kwani mtu hataifishi kilicho chake. Kwa mikataba ya namna hiyo twapendekeza kukodisha uendeshaji; kubinafsisha litumike pale mali inapouzwa.