Je, Wajua? Jina la Binti Lisiloenea Kwenye Fomu

Je, wajua kwamba yupo binti ambaye kuandika jina lake la kwanza tu, herufi moja kwa sekunde, kungekuchukua karibu dakika 17? Alizaliwa Beaumont, jimbo la Texas, Marekani, tarehe 12 Septemba 1984. Jina aliloandikiwa siku ile lilikuwa tayari na herufi zaidi ya 30, lakini baba hakuridhika. Tarehe 5 Oktoba, mtoto hajatimiza hata mwezi, akaomba cheti kirekebishwe: jina la kwanza likawa na herufi 1,019 na la kati herufi 36. Kitabu cha rekodi cha Guinness kikalipokea. Mimi naona herufi 1,019 si jina, ni mazoezi ya mwandiko. Na wenyewe nyumbani walijua hilo, kwani mtoto walimwita Jamie.

Ndivyo ilivyo kwa majina marefu karibu yote: kuna la kuandika, na kuna la kumwitia mtu chai.

Kule Hawaii jina refu si kituko. Mnamo Septemba 1838 alizaliwa huko mtoto wa ukoo wa kitawala, na mwenye kumpa jina alikuwa Kīnaʻu, mwanamke mwenye cheo kikubwa serikalini, mfano wa waziri mkuu. Siku zile Kīnaʻu alikuwa anaumwa macho, yanamwasha na kumtoa machozi. Basi mtoto akapewa majina manne mfululizo: Liliʻu, yaani kuwasha, Loloku, machozi, Walania, maumivu yanayounguza, na Kamakaʻeha, jicho linalouma. Mgonjwa ni mwingine, jina kabebeshwa mtoto! Alipobatizwa akaongezewa Lydia. Mwaka 1877 kaka yake, Mfalme Kalākaua, alipomtangaza kuwa mrithi wa kiti, alimpa jina la kifalme: Liliʻuokalani. Tazama vizuri mwanzo wake. Kule kuwasha hakukutoka, kumevalishwa taji tu. Mwaka 1891 akawa malkia, Januari 1893 akapinduliwa, na baada yake Hawaii haikutawaliwa tena na mfalme wala malkia.

Wajua pia kwa nini Wahawaii wengi hubeba jina lao refu la asili katikati, nyuma ya Mary au David? Ilikuwa sheria. Mwaka 1860, chini ya Mfalme Kamehameha IV, iliamriwa kila mtoto atakayezaliwa apewe jina la Kikristo kuwa la kwanza, na la Kihawaii likasogezwa nyuma. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1967, Hawaii ikiwa imeshakuwa jimbo la Marekani kwa miaka minane.

Kilichobaki kuwasumbua ni visanduku. Aliyewahi kujaza fomu ya mtihani, herufi moja kisanduku kimoja, anaijua ile hofu ya kuona visanduku vinakwisha na jina bado linaendelea. Mama mmoja wa Hawaii, ambaye jina la ukoo alilolipata kwa mumewe lina herufi 35, alikuwa akipewa leseni ya udereva yenye jina lililokatwa herufi ya mwisho, na jina lake la kwanza halimo kabisa. Waliomshauri afupishe jina hakuwasikiliza. Alilalamika mpaka mwaka 2013 jimbo likaongeza nafasi hadi herufi 40.

Pasipoti nayo ina ukomo wake. Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja nafasi 44. Mstari wa juu hutumia tano kwa aina ya hati na nchi, kwa hiyo jina lako lote, la ukoo na ya kwako, linabakiwa na nafasi 39. Linalozidi hukatwa. Kwa usajili wa majina, New Zealand iliwahi kuruhusu hadi herufi 100, nafasi tupu zikihesabiwa. Huko huko, mwaka 2008, Jaji Rob Murfitt wa mahakama ya familia ya New Plymouth alikutana na msichana wa miaka tisa aliyepewa sentensi nzima ya Kiingereza, yenye maana kwamba Talula anacheza ngoma ya hula ya Hawaii. Binti aliliona aibu kiasi kwamba rafiki zake aliwaambia wamwite K tu. Jaji alimweka chini ya ulinzi wa mahakama kwanza ili jina libadilishwe.

Binti mfalme Leonor wa Hispania, aliyezaliwa mwaka 2005, aliepushiwa orodha ndefu ya majina ya watakatifu kwa ujanja: jina lake la ubatizo ni Leonor wa Watakatifu Wote. Wote wamo, hakuna wa kununa.

Na yule Pippi wa hadithi za watoto za Uswidi, jina lilibuniwa na Karin, binti wa mwandishi Astrid Lindgren, akiwa mgonjwa kitandani mwaka 1941. Kitabu kilipotoka mwaka 1945 Pippi alikuwa na majina lukuki, likiwemo la pazia la kukunja, la majani ya nana, na Efraimsdotter, ambalo kwetu ni binti Efraimu, basi.

Sentensi kuwa jina, kwetu, si jambo la kupelekana mahakamani. Sikudhani ni herufi tisa, lakini ndani yake yumo msemaji, mna kukanusha na mna wakati uliopita. Siwatu ni kijembe kamili, na anayelengwa pengine ni jirani aliyeketi ukumbini anakula pilau ya uzazi. Mwamvita alizaliwa vita vikipiganwa, Mwamvua mvua ikinyesha. Ukivuka kwenda Ankole, Uganda, utakutana na Natukunda, “anatupenda”: hiyo “tu” ya katikati ndiyo hii hii yetu. Tumusiime ni “tumshukuru”. Musiimenta anauliza, “nimshukuruje?” Mwanariadha wa Burundi Francine Niyonsaba, aliyetwaa fedha ya mita 800 huko Rio mwaka 2016, jina lake linasema kwamba Mungu ndiye ninayemwomba.

Rwanda na Burundi jina la namna hiyo kwa desturi ni lako peke yako. Baba hakurithishi lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana hata silabi. Wanyarwanda humpa mtoto jina katika sherehe ya Kwita Izina, maneno ambayo Mswahili hahitaji mkalimani kuyaelewa. Kwa mila, siku ya nane watoto wa jirani waliitwa, wakaigiza kulima kidogo, wakalishwa wakashiba, kisha kila mmoja akatoa jina analopendekeza, refu au fupi, la maana au la utundu. Wazazi walisikiliza, na baadaye wakatoa lao.

Tangu mwaka 2005 sherehe yenye jina hilo hilo hufanyiwa pia watoto wa gorila wa milimani. Wao hawajazi fomu.