Sheria moja, fasi moja: namna ya kusafisha kode iliyojaa kopie-kole



Leo niko na habari ya kode. Si kodi ya nyumba, hapana. Kode ya programu, ile mistari inayoambia ordinateri kazi ya kufanya. Kama wewe ni mtu wa sheria ao wa uchumi, usipite mbio, juu jambo hili linagusa hata pointi zako.

Tuchukue wanafunzi wawili wa fakilte moja. Wa kwanza yuko G2, wa pili yuko L1. Wote wawili wamepata asilimia 49,6. Programu ya kuhesabu pointi inatoa matokeo: yule wa G2 amepita, yule wa L1 ni ajurne. Hakuna profesa aliyemchukia mtu, hakuna aliyepenyeza bahasha. Sheria ya juri ni moja. Lakini ndani ya programu, sheria hiyo iliandikwa mara tano, na zile nakala tano hazisemi tena neno moja.

Programu ya namna hiyo nimeishika kwa mikono yangu. Chuo kimoja, ambacho jina lake tuliache, kilituita na mwenzangu tuongeze promosio mpya. Ndani tulikuta faili tano: G1, G2, G3, L1 na L2. Kila moja iko na mistari mia kadhaa, na ukiziweka pamoja zinafanana kama mapacha. Aliyeandika alianza na G1, kisha akafanya kopie-kole kwa G2, na kuendelea mpaka L2. Siku ile hakukuwa na shida, faili zote zilikuwa sawa.

Shida ilikuja nyuma. Mwaka mmoja juri iliamua kwamba 49,5 na zaidi inahesabiwa 50. Mtu wa biro akafungua faili ya promosio iliyokuwa inalalamika siku ile, ni kusema G2, akarekebisha, akafunga, akaenda zake. Faili zingine nne zikabaki na sheria ya zamani. Katika L1 kulikuwa na jambo lingine tena: badala ya kuandika "50 ao zaidi", mtu aliandika "zaidi ya 50". Njo maana hata mwenye 50 kamili alikuwa anaanguka. Alama moja ndogo inakula mwaka mzima wa mtoto wa watu, pamoja na minervali ambayo mama yake alitafuta sokoni.

Tuelewane hapa: ubaya wa kopie-kole hauko kwa urefu wa kode. Ordinateri haichoki kusoma. Ubaya ni kwamba ukiandika sheria moja fasi tano, umejipa kazi ya kukumbuka fasi zote tano kila siku sheria inapobadilika. Wewe unaweza kukumbuka. Yule atakayekuja nyuma yako hajui hata kama ziko tano.

Mwaka 1999, Andrew Hunt na David Thomas waliandika kitabu kinachoitwa The Pragmatic Programmer. Humo wanafundisha kwamba kila jambo ambalo programu inapaswa kujua likae fasi moja tu, wazi, yenye mamlaka. Angalia vizuri: wanasema jambo, hawasemi mstari. Nitarudi hapo.

RIFAKTORINGI NI NINI?

Mafundi wa programu wanaita kazi hii rifaktoringi. Maana yake ni kupanga upya kode ndani, bila kubadilisha kazi inayoonekana inje. William Opdyke aliandika tezi yake ya udaktari juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka 1992. Mwaka 1999 Martin Fowler akatoa kitabu Refactoring, ambacho kilisambaza neno hili kwa watengenezaji wa programu dunia nzima.

Fikiria parseli yenye wapangaji sita. Kila mpangaji alipoingia alivuta waya wake kutoka kwa nguzo. Taa zinawaka, hakuna anayelalamika. Lakini siku waya mmoja unatoa moshi, hakuna anayejua ni wa nani. Fundi mzuri anakuja, anaweka kasha moja, anaandika jina juu ya kila waya, anaondoa ile isiyokwenda popote. Akimaliza, taa ni zilezile, nyumba ni zilezile. Mgeni hawezi kuona tofauti. Lakini kesho moshi ukitoka, mtu anajua fasi ya kugusa.

Kwa hiyo kuongeza kitu kipya si rifaktoringi. Kusahihisha kosa nako si rifaktoringi. Hizi ni kazi tatu, na kuzichanganya kwa saa moja ndiko kunaleta machozi.

HATUA ZENYEWE

1. Weka ulinzi mbele ya kugusa. Hifadhi kode katika Git ili uweze kurudi nyuma. Kisha andika majaribio. Sisi tulichukua orodha za miaka iliyopita ambazo matokeo yake yanajulikana, tukaongeza wanafunzi wa kubuni walio mpakani: mwenye 0, mwenye 49,4, 49,5, 50 kamili, 69,9, 70, na yule ambaye hakufanya mtihani mmoja. Programu inawapitia wote kwa sekunde chache. Kila ukibadilisha kitu kidogo, unaendesha majaribio tena. Matokeo yakibadilika bila wewe kutaka, rudi nyuma hatua moja.

2. Nakala zikigombana, uliza mwenye sheria. Hapa vijana wengi wanajikwaa. Unakuta G2 inasema hivi, L1 inasema vile, na wewe unachagua ile unayoona nzuri. Hapana! Mtengenezaji wa programu hatungi sheria ya deliberasio. Tuliandika tofauti zote kwenye karatasi moja, tukaipeleka kwa sekretari wa juri, akatoa jibu kwa maandishi. Kusahihisha huko tulikuandika peke yake katika Git, mbali na kazi ya kupanga, ili kesho mtu aone nani aliamua na lini.

3. Ipe namba jina. Ukikuta 50 imetupwa katikati ya kode, msomaji hajui ni 50 ya nini. Iandike mara moja juu: ALAMA_YA_KUPITA = 50. Kuanzia hapo, kode yote inaita jina, haiiti namba.

4. Toa kipande kinachorudiwa, kipe jina na nyumba yake. Kipande hicho kinaitwa fonksio. Nakiandika kwa Kiswahili ili kila mtu afuate:

fonksio amepita(asilimia):
    rudisha kadiria(asilimia) >= ALAMA_YA_KUPITA

Neno "kadiria" ni fonksio nyingine ndogo, yenye kazi moja: kupandisha 49,5 kuwa 50 vile juri ilivyosema. Sasa G1, G2, G3, L1 na L2 zote zinauliza swali hilohilo kwa mlango huohuo. Tulifanya faili moja kwanza, majaribio, kisha ya pili, majaribio. Si zote tano kwa usiku mmoja.

5. Punguza vichochoro. Kopie-kole ni ugonjwa wa kwanza, ugumu ni wa pili. Kila "ikiwa" unayoandika inafungua njia mpya ndani ya programu. Mwaka 1976 Thomas McCabe alipendekeza kuzihesabu: chukua idadi ya maamuzi yaliyo ndani ya fonksio, ongeza 1. Yeye alipendekeza 10 kuwa mpaka wa kawaida. Fonksio yetu moja ilikuwa na "ikiwa amefanya mitihani yote", ndani yake "ikiwa amelipa", ndani yake "ikiwa amepita", ndani yake tena mansio zote. Ukifika katikati umesahau uliingilia wapi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza: wanaotoka mapema watoke mapema. Kama hajafanya mitihani yote, toa jibu pale juu, umalize naye. Wanaobaki chini ni wale tu wanaohusika. Ya pili: orodha ya masharti iwe jedwali. Badala ya "ikiwa" ndani ya "ikiwa" kwa ajili ya mansio, andika:

80: grande distinksio
70: distinksio
50: satisfaksio

Programu inasoma kutoka juu na kusimama kwenye mstari wa kwanza ambao mwanafunzi ameufikia. Hata sekretari ambaye hajui kode anaweza kusoma jedwali hilo na kukuambia kama liko sawa. Hiyo ni faida kubwa kuliko mistari uliyopunguza.

6. Futa kode iliyokufa. Wengi wanaogopa kufuta: "Tuache tu, labda itasaidia." Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Marekani Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa ordinateri, iliweka kode mpya kwenye seva zake. Seva zilikuwa 8, moja ikasahauliwa. Humo ndani ilibaki kode ya zamani ambayo ilikuwa imeachwa kutumika tangu 2003, na alama ya kuamsha kode mpya ilikuwa ileile iliyowahi kuamsha ile ya zamani. Mfu akafufuka. Kwa dakika kama 45 seva ile ikatuma maagizo bila kusimama, na kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 440. Kulikuwa na makosa mengi siku ile, lakini kama kode ile ingekuwa imefutwa, hakungekuwa na kitu cha kuamka. Ukitumia Git, kilichofutwa hakipotei. Kinapumzika tu kwenye historia.

VITU VINAVYOFANANA SI NDUGU SIKU ZOTE

Sasa narudi kwa lile neno "jambo". Mtu akisha kujifunza rifaktoringi, anaona kopie-kole kila fasi na anataka kuunganisha vyote. Pole pole. Katika programu ileile tulikuta 50 nyingine: mwanafunzi lazima awe amelipa asilimia 50 ya minervali ili aingie kwenye mtihani. Namba ni moja, lakini sheria ni mbili, na wenye sheria ni wawili: juri na biro ya pesa. Ukiziunganisha, siku biro ya pesa inapandisha yake mpaka 60, wanafunzi wenye 55 wataanguka na hakuna atakayejua juu ya nini.

Njo maana, kabla ya kuunganisha, jiulize: hii ikibadilika, ile nayo itabadilika kwa sababu hiyohiyo? Kama jibu ni ndiyo, unganisha. Kama hapana, ziache zikae mbali. Na kama hujui, ngoja. Fowler anaeleza kanuni aliyoipata kwa Don Roberts: mara ya kwanza andika tu, mara ya pili rudia ingawa moyo unakataa, mara ya tatu, panga upya. Kuunganisha vibaya kunaumiza kuliko kurudia, juu kutenganisha tena ni kazi ngumu sana.

JUU YA NINI SASA HIVI?

Vyuo vyetu vilianza kuingia katika LMD mwaka wa masomo 2021-2022. G1, G2 na G3 zikaanza kuondoka, kredi 60 kwa mwaka zikaingia, pointi zikahesabiwa juu ya 20. Katika fasi nyingi mifumo miwili ilitembea pamoja. Programu ambayo sheria yake iko fasi moja, unaongeza jedwali la pili na kuendelea. Programu ya kopie-kole inakuwa na faili kumi, halafu kumi na tano, na kila nakala ni fasi mpya ya kumkosea mtu.

Wewe usiyeandika kode, haujaponyoka. Faili ya Excel yenye 50 iliyoandikwa ndani ya kila seli ni ugonjwa uleule. Weka namba hiyo kwenye seli moja, ipe jina, seli zingine zote ziiulize hiyo. Kiwango cha kubadilisha dola kwa faranga nacho vilevile: kikiwa fasi tatu kwenye faili ya duka lako, siku moja mteja wa asubuhi na mteja wa jioni watalipa bei tofauti, na utaitwa mwizi bure.

Basi wiki hii nawapa kazi ndogo. Fungua programu yako, ao faili yako ya Excel, hata ile ya TFC. Tafuta namba moja ao sheria moja iliyoandikwa zaidi ya mara mbili. Andika majaribio matano. Ipe jina, ihamishie fasi moja, endesha majaribio, hifadhi. Usiguse kitu kingine siku hiyo. Kesho yake tafuta ya pili.