Je, Wajua? Jicho Lisilotokeza Laweza Kuwa Ndilo Lililo Hatarini

Je, wajua kwamba ugonjwa wa tezi ya shingo unaweza kumpofusha mtu? Tezi yenyewe hailigusi jicho. Ni kinga ya mwili inayoishambulia tezi ndiyo hugeukia pia mafuta na misuli iliyo nyuma ya jicho, kwa sababu chembehai za huko zina vipokezi vya homoni kama vile vya tezi.

Misuli ikivimba, haina pa kwenda. Tundu la mfupa linalobeba jicho lina ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, na liko wazi upande wa mbele tu. Ndiyo maana macho hutoka nje. Mwaka 1840 daktari Karl von Basedow wa Merseburg, Ujerumani, aliziweka pamoja dalili tatu: goita, moyo kwenda mbio na macho kutokeza. Miaka mitano kabla yake, Robert Graves wa Dublin alikuwa ameshaueleza ugonjwa huohuo, na wengi huuita kwa jina lake.

La ajabu zaidi ni hili: jicho likitokeza, hujipunguzia shinikizo. Kwa mtu ambaye kope zake zimekaza, jicho halisogei sana, na nguvu yote ya uvimbe hubaki nyuma, pale tundu linapokuwa jembamba. Hapo ndipo neva ya kuona, yenye nyuzi zaidi ya milioni moja, hupita katikati ya misuli. Ikibanwa, mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona, ingawa kwenye kioo haonekani mgonjwa sana. Hatari hii huwapata takriban wagonjwa 5 kati ya 100 wa macho ya tezi.

Mara nyingi rangi ndizo hufifia mapema, hasa nyekundu. Wewe mwenye ugonjwa wa tezi, funika jicho moja utazame kitu chekundu, kisha funika la pili. Wekundu ukipauka, nenda hospitali leo, usingoje tarehe ya kliniki. Na umwambie daktari kuhusu rangi, maana akimulika ndani ya jicho anaweza kuikuta neva ikionekana nzima.

Sigara huongeza hatari na kudhoofisha tiba.

Tiba huanza kwa steroidi za dozi kubwa kupitia mshipa. Zisipofaa ndani ya wiki mbili hivi, mpasuaji huondoa sehemu ya ukuta wa mfupa ili uvimbe upate nafasi upande wa pua, na wagonjwa wengi huona vizuri zaidi baada ya hapo.