Mwarobaini: mali iko kwenye mbegu, si kwenye chupa

Bustani za mboga za majumbani ni soko ambalo wauzaji wengi wa pembejeo hawalitilii maanani. Mwenye matuta manne ya mchicha uani hanunui dawa ya lita nzima, na hataki dawa inayomlazimu kusubiri wiki mbili kabla ya kuchuma. Anachotafuta ni kinga ya bei nafuu, ya kutosha pampu moja, isiyoacha sumu kwenye sufuria.

Wasumbufu wakubwa wa bustani hizo ni vidukari na viwavi kwenye sukuma wiki na kabichi, inzi weupe na utitiri mwekundu kwenye nyanya na bamia. Mwaka 2014 aliongezeka nchini Tanzania nondo wa nyanya, ambaye wakulima wamembatiza jina la kantangaze. Nondo huyo amejenga usugu dhidi ya dawa kadhaa za viwandani, na hali hiyo imewafanya wakulima wengi kutazama upya dawa za mimea.

MALI GHAFI IPO

Mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi, umeenea mwambao wote na bara hadi Dodoma na Shinyanga. Nguvu yake kubwa imo kwenye mbegu, kuliko kwenye majani. Kemikali yake kuu, azadiraktini, humfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua gamba ili akue.

Kwa bustani ya nyumbani, nusu kilo ya kiini cha mbegu kavu hutwangwa, hulowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, kisha huchujwa kwa kitambaa. Sabuni kidogo ya kipande huongezwa ili dawa ishike kwenye majani. Hupulizwa jioni, chini na juu ya jani, na kurudiwa kila baada ya siku 5 hadi 7. Mboga huoshwa vizuri kabla ya kupikwa, kama kawaida.

Pareto, inayolimwa nyanda za juu za Iringa, Njombe na Mbeya, hufanya kazi tofauti: huangusha mdudu papo hapo, lakini nguvu yake huisha haraka juani. Nayo hupulizwa jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.

HASARA INAPOTOKEA

Mfanyabiashara anayekimbilia kujaza maji ya mwarobaini kwenye chupa hujitafutia hasara. Maji hayo hayakai. Baada ya siku chache, hasa yakiwekwa kwenye mwanga na joto, hubaki harufu tu. Mnunuzi akipuliza asione mabadiliko, harudi tena, na huwaeleza majirani.

Aidha, dawa ya kuua wadudu haiuzwi kiholela. Tanzania, viuatilifu husajiliwa na kusimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2020. Mwenye nia ya kufungasha dawa kwa jina lake aanzie hapo kabla ya kuchapisha lebo.

Mbegu kavu ni bidhaa ya namna nyingine. Matunda yaliyoiva huokotwa, humenywa na kuoshwa siku hiyo hiyo, kisha mbegu hukaushwa kivulini na kuwekwa kwenye magunia yanayopitisha hewa. Mbegu zilizoota ukungu hazifai, na za misimu ya nyuma zimepungua nguvu. Anayenunua kwa gunia apasue mbegu chache kwanza: kiini kizuri ni kikavu na hakina ukungu.

Muuzaji pia awe mkweli. Mwarobaini hauui papo hapo; mdudu huweza kuonekana hai siku mbili tatu huku ameacha kula. Wala asiahidi kwamba utammaliza kantangaze peke yake. Majani na matunda yaliyotobolewa lazima yaondolewe na kuteketezwa. Maji ya tumbaku yasiuzwe kabisa kama dawa salama, kwani nikotini ni sumu kali kwa binadamu, na tumbaku huweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa virusi.

THAMANI INAYOJULIKANA NJE

Wakubwa waliiona mali hii zamani. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W.R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza ya dawa ya ukungu inayotokana na mafuta ya mwarobaini. Ilipingwa kwa hoja kwamba Wahindi walikuwa wakitumia dawa hiyo tangu zamani, ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005.

Kwa mwenye mtaji mdogo, hesabu ni nyepesi: gharama kubwa ni nguvu kazi ya kuokota na kukausha wakati wa msimu. Faida itategemea mambo mawili, mbegu iliyokaushwa vizuri na maelezo sahihi kwa mnunuzi. Asiye na ghala kavu asinunue akiba ya mwaka mzima.