Dala ya kondakta na dola ya mbolea

MCHUUZI wa mchicha anayepanda basi alfajiri pale Mbagala Rangi Tatu na tenga lake, kwenda Tandika, huliita basi hilo daladala bila kufikiri kwamba anataja fedha ya kigeni. Inaelezwa kwamba mabasi madogo ya watu binafsi yalipoanza kugombea abiria na yale ya UDA, miaka ya 1970 na 1980, makondakta walinadi nauli: dala, dala! Dala ilikuwa shilingi tano.

Kwa nini tano? Kati ya mwaka 1940 na 1949, paundi moja ya Uingereza, iliyokuwa sawa na shilingi 20 za Afrika Mashariki, ilibadilishwa kwa dola nne na senti chache. Dola moja basi ilikuwa karibu shilingi tano. Septemba 1949 paundi ilishushwa thamani, dola ikafika shilingi 7.14, lakini jina halikuhama.

Dola yenyewe asili yake ni bondeni. Karibu na mwaka 1520, fedha iliyochimbwa Joachimsthal, katika nchi ya leo ya Czech, ilitengenezewa sarafu zilizoitwa thaler, yaani za bondeni. Waholanzi wakasema daalder, Waingereza dollar. Sarafu ya ukoo huo, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria na mwaka 1780, ilitumika Unguja katika biashara ya karafuu na pembe za ndovu.

Dala ya kondakta imekwisha. Mwaka 2023 nauli ya safari fupi ilipanda hadi shilingi 600. Dola ya mbolea ipo. Kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, lakini mwagizaji wa urea hulipa kwa dola huko nje. Kati ya mwanzoni mwa 2023 na katikati ya 2024, dola ilitoka takriban shilingi 2,300 hadi zaidi ya 2,600. Tuseme mfuko umenunuliwa dola 30: hapo gharama imetoka shilingi 69,000 hadi 78,000, kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Ruzuku iliyorejeshwa mwaka 2022 humpunguzia makali mkulima aliyejiandikisha. Mwenye vituta vitatu bondeni, asiye na namba, hulipa bei ya dukani.

Mchicha wake haujui dola. Fungu lisilopata mnunuzi hadi jioni linanyauka na bei inashushwa, hata kama urea iliyolikuza ilipanda.