Saa ya mazoezi: inapima nini, inakisia nini

Chukua roli nzima ya karatasi ya chooni, uifunge saa ya mazoezi, kisha ubonyeze penye alama ya moyo. Zipo saa zitakazokuonyesha vistari viwili na kunyamaza. Zipo nyingine zitakazohangaika sekunde chache, halafu zikupe namba safi kabisa ya mapigo, kama vile karatasi ile imetoka kupanda ngazi. Mwaka 2018 mzaha huu ulisambaa mitandaoni China na watu wakacheka sana. Lakini si uchawi, na si lazima uwe wizi pia. Ndivyo teknolojia yenyewe inavyofanya kazi, na anayetaka kununua saa au bangili ya mazoezi atafaidika akianzia hapo kabla ya kuangalia rangi ya mkanda.

Geuza saa utazame mgongo wake. Vile vitaa vya kijani vinamulika ngozi, na pembeni yake kuna kihisi kinachopima mwanga unaorudi. Damu ni nyekundu kwa sababu inaufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukisukuma, mishipa midogo ya mkononi inajaa damu na mwanga unaorudi unapungua. Moyo ukipumzika, unaongezeka. Kwa hiyo saa haiusikii moyo hata kidogo. Inaona mwanga unaopanda na kushuka, kisha programu yake inatafuta mdundo ndani ya mawimbi hayo. Ukiiweka kwenye kitu cheupe kinachorudisha mwanga vizuri, programu isiyo makini inaokota mdundo wowote ule kwenye kelele za umeme na kuuita moyo. Saa iliyotengenezwa kwa uangalifu hujiuliza kwanza kama imevaliwa na kiumbe hai.

Namba zote zinazotokea kwenye kioo, basi, hazina uzito sawa. Chache zimepimwa. Nyingi zimekisiwa kutokana na hizo chache. Muuzaji atazisifu zote kwa sauti moja.

Tuanze na hatua, kwa kuwa ndizo zinazotangazwa zaidi na ndizo zenye thamani ndogo zaidi ya kulipiwa. Ndani ya saa kuna kihisi cha mwendo kinachosikia mkono unavyotikisika. Ukitembea huku umeshika toroli dukani, mkono umetulia na hatua nyingi zinapotea. Ukifua nguo au kupanda bodaboda kwenye barabara ya mashimo, huenda ukapongezwa kwa kutembea. Na lile lengo la hatua 10,000 ambalo saa nyingi zimewekewa halikutoka maabara. Lilitoka Japani mwaka 1965, pale kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa cha kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Namba ilipendeza, ikabaki. Mwaka 2019 Profesa I-Min Lee wa Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 nchini Marekani. Waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufariki kuliko waliotembea 2,700, na faida ilizidi kuongezeka hadi kwenye hatua 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kama unachotaka ni hesabu ya hatua, simu yako mfukoni inaifanya tayari. Tunza hela yako.

Mapigo ya moyo ni jambo jingine, na ndipo saa inapoanza kustahili bei yake. Ukiwa umekaa au unatembea kwa mwendo wa kawaida, saa nyingi za kampuni zinazojulikana husoma karibu sana na ukweli. Shida inaanza ukitoka mbio. Mkono unarushwa, saa inacheza juu ya ngozi, damu inasukwasukwa, na mwanga unaorudi kwenye kihisi unabeba midundo miwili kwa pamoja: wa moyo na wa miguu. Mkimbiaji hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika. Programu ikichanganyikiwa inashika mdundo wa miguu na kukuonyesha mapigo 170, ilhali moyo wako uko 130 na unaongea na mwenzako bila kuhema. Wakimbiaji wengi wameogopeshwa na namba hiyo wakapunguza mwendo bila sababu. Namna ya kuligundua ni rahisi. Mapigo yakiruka ghafla dakika za mwanzo, na yakawa karibu sawa na idadi ya hatua zako kwa dakika, usiyaamini. Sogeza saa juu ya kifundo cha mkono, upana wa vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko, kaza mkanda kidogo, kisha subiri mwili upate joto. Kwenye baridi ya alfajiri ya Njombe au Nyahururu mishipa ya ngozi hujikunyata, kwa hiyo kihisi kinapata damu kidogo ya kukisoma.

Wanaonyanyua vyuma wana shida yao. Kila unapokunja kiganja kushika uzito, misuli ya mkono inakaza na kuibana ile mishipa ambayo kihisi kinaitegemea. Ndiyo maana mtu anatoka gym ametota jasho na saa inamwambia alikuwa kama amekaa sebuleni.

Swali moja linatuhusu sisi hasa: je, kwenye ngozi nyeusi vitu hivi vinasoma sawasawa? Wasiwasi una msingi, kwa kuwa melanini nayo hufyonza mwanga wa kijani. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walivipima vifaa kadhaa kwa watu 53 wenye rangi mbalimbali za ngozi. Hawakuona tofauti ya maana iliyotokana na rangi. Walichoona ni kwamba kosa wakati wa kujishughulisha lilikuwa kubwa kwa takriban asilimia 30 kuliko wakati wa kupumzika, tena kifaa kwa kifaa vilitofautiana. Mimi nautafsiri hivi: ubora wa kifaa na namna ulivyokifunga vina uzito kuliko weusi wa mkono wako. Kipimo cha oksijeni kwenye damu kinahitaji tahadhari zaidi. Mwaka huohuo jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa hospitalini ulioonyesha kuwa vile vibanio vya kidoleni viliukosa upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kama kifaa cha hospitali kinateleza hivyo, namba ya oksijeni ya saa ya mkononi isikutulize ukiwa unahisi kukosa pumzi. Halafu kuna tattoo. Wino mzito chini ya kihisi unaweza kuzima usomaji kabisa. Vaa saa mkono mwingine.

Anayefuata programu ya mazoezi kwa mapigo ya moyo namshauri kitu ambacho wauzaji hawakipendi: nunua mkanda wa kifuani, na saa iwe ya bei ya kati. Mkanda hausomi mwanga, unasoma umeme wa moyo wenyewe kwa njia inayofanana na kipimo cha ECG cha hospitali, na mkono urushwe usirushwe haujali. Si teknolojia ngeni. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa kipimo cha mapigo kisichotumia waya mwaka 1982. Lowesha sehemu za kihisi kwa maji kidogo kabla ya kuuvaa, kwa kuwa ngozi kavu haipitishi umeme vizuri, kisha uuunganishe na saa au hata na simu kwa Bluetooth. Asiyependa kubanwa kifua atafute kihisi cha mwanga kinachofungwa kwenye mkono wa juu. Pale hapatikisiki sana.

Kuhusu kalori sina subira. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walivijaribu vifaa saba kwa watu 60 waliotembea, kukimbia na kuendesha baiskeli. Kwenye mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilikuwa ndani ya kosa la asilimia 5. Kwenye kalori, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Yaani kama kweli umechoma kalori 500, hata kile bora kingeweza kukuandikia 635. Kinachotokea ni kwamba saa inachukua mapigo, umri, uzito na jinsia uliyoijaza, kisha inaingiza kwenye fomula ya mtu wa wastani. Anayekula chipsi mayai kwa sababu saa imemruhusu ajue ruhusa hiyo imetoka wapi.

Umbali na kasi hutoka kwenye setilaiti za GPS, zilizo takriban kilomita 20,200 juu yetu. Mawimbi yanafika yakiwa dhaifu sana. Katikati ya maghorofa ya Posta au Upper Hill yanagonga vioo kwanza ndipo yafike mkononi, na ramani inakuchora ukipita ndani ya benki. Saa zinazopokea masafa mawili kwa pamoja huzichuja kelele hizo vizuri zaidi, ila bei inapanda. Kwa anayekimbilia ufukweni Coco au barabara iliyo wazi, masafa mawili ni anasa. Muhimu zaidi ni kusoma boksi: bangili nyingi za bei nafuu zinaandika GPS kumbe zinategemea ya simu. Simu ukiiacha nyumbani, umbali unakisiwa kwa urefu wa hatua. Na kabla ya kuanza, simama dakika moja mpaka saa ikubali kwamba imeshika setilaiti. Umbali mwingi unaolalamikiwa hupotea kwenye haraka hiyo ya mwanzo.

Hata namba iliyopimwa sawasawa inataka kusomwa na mtu anayejua alipo. Kimbia Dar es Salaam saa mbili asubuhi mwezi Februari. Unaweza kuanza na mapigo 140 na kumaliza na 155 kwa kasi ileile, bila kuongeza bidii. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, jasho linapunguza maji kwenye damu, kila pigo la moyo linasukuma damu pungufu kuliko mwanzo, basi moyo unafidia kwa kupiga mara nyingi. Unyevu wa pwani hauachi jasho likauke, hali inazidi. Anayeshikilia kasi iliyoandikwa kwenye programu ya mtu wa Ulaya atajiumiza. Ashikilie mapigo, kasi ishuke yenyewe. Ukienda Iten, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na saa isiyojua habari ya mwinuko itamwambia mgeni kutoka Mombasa kwamba afya yake imeporomoka ndani ya wiki.

Halafu kuna ile kauli ya madukani Kariakoo na Luthuli Avenue: "Bosi, hii inapima presha, sukari, oksijeni, kila kitu." Februari 2024 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari bila kutoboa ngozi. Vile vijikifaa vinavyobandikwa mkononi kwa wagonjwa wa kisukari vina uzi mwembamba wa kihisi unaoingia chini ya ngozi. Saa ikionyesha matokeo ya vifaa hivyo, yenyewe ni kioo tu. Mgonjwa anayejidunga insulini kwa kufuata saa ya bei ya chee anaweza kuzimia siku hiyohiyo. Kwa presha, baadhi ya saa za Samsung hukadiria, lakini zinataka usawazishe kwa mashine ya kawaida ya mkono kila baada ya siku 28. Isiyodai usawazisho na isiyo na mkanda wa kujaza upepo, huo ni ubunifu wa programu. Saa inayodai kupima sukari mimi ningeirudisha kabatini bila kuuliza bei, maana aliyedanganya kwenye hilo sijui kwa nini awe mkweli kwenye mapigo.

Mengine ni ya haraka. Apple Watch haifanyi kazi na simu ya Android, na saa za Samsung tangu Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazikubali iPhone. Maandishi "5 ATM" yanatosha kuogelea. IP68 peke yake usiitegemee baharini, na ukitoka maji ya chumvi suuza saa kwa maji baridi. Betri ya siku moja ni kero kwa anayekimbia alfajiri na mtaani kwake umeme unakatika. Ramani ya mbio zako isianze mlangoni kwako mbele ya macho ya umma: mwaka 2018 ilibainika kuwa ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ilikuwa imeonyesha kambi za kijeshi kwa sababu tu askari walikimbia wakiwa na saa.

Limebaki kundi moja ambalo vitabu vya maelekezo hulipitia juu juu: wanaomeza baadhi ya dawa za presha. Saa nyingi hupanga viwango vya mazoezi kwa kutoa umri wako kwenye 220. Fomula ya mwaka 2001 ya Hirofumi Tanaka na wenzake ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri. Zote mbili zinampa mwenye miaka 40 mapigo 180, lakini wa miaka 60 ya kwanza inampa 160 na ya pili 166. Na hata hivyo mtu halisi anaweza kutofautiana na fomula kwa mapigo 10 au zaidi. Sasa mchukue mama au mzee kwenye klabu ya jogging ya Temeke anayemeza atenolol, bisoprolol au propranolol kwa ajili ya presha. Dawa hizo zinauzuia moyo kwenda mbio. Anaweza kuwa ameishiwa pumzi kabisa huku saa inamhimiza aongeze kasi kwa kuwa "hajafikia kiwango". Huyo afuate pumzi yake: mazoezi ya wastani ni yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Amwambie daktari kwamba ameanza mazoezi, amuulize ukomo wa mapigo yake akiwa kwenye dawa hiyo, kisha auandike mwenyewe kwenye mipangilio ya saa. Saa nyingi nzuri zinaruhusu.